Kabla ya Kelele, Ndoo

Cheki venye mambo huenda mtaani. Chali ananunua Legacy B4, ile shepu ya BL5 ya kati ya 2003 na 2009, jina yake hata haijaingia kwa logbook vizuri, na kitu ya kwanza anafanya ni kupeleka ndai kwa fundi wa kuchomelea ndio mafla ikatwe. Kufika Ijumaa mtaa mzima inajua amenunua. Jirani mwenye mtoi mchanga anajua. Karao wa pale raundi anajua. Lakini timing belt bado ni ya Japan, oil ni ile ya yadi, na rangi imejaa mikwaruzo ya duara hadi jua ikiwaka huwezi sema kama hiyo gari ni nyeusi ama ni kijivu.

Mi huanza upande ile ingine. Ndoo kwanza, spana ya pili, kelele mwisho, na ukifika huko mwisho unapata hata hiyo kelele huitaki venye ulikuwa unaitaka. Na si ati ndoo ni ya wasee wamesota. Ukiosha moti na mkono yako, paneli kwa paneli, vidole zinapatana na kila kitu muuzaji alikuficha. Bampa imeshikwa na klipu mbili na inafaa kuwa na kibao. Kuna kutu imejificha ndani ya fenda ya nyuma. Mlango moja ni laini kuliko zingine, kumaanisha iligongwa ikapigwa sprei. Hapo sasa ndio unajua doo yako inafaa kuelekea wapi. Mtu wa kuoshewa kila Jumamosi akibonyeza simu hii kitu huijua siku gari imezima Thika Road saa mbili usiku.

Nitabonga sana na B4 juu ndio nalala nikiiwaza, lakini kama uko na Mark X, Premio, Axela ama ka-Axio ka app, nyingi ya hizi mambo zinaingiana.

Na usidhani huu ugonjwa wa gari ni wa juzi. Subaru iliingia damu ya Wakenya kupitia Safari Rally. 1993 walileta Vivio, kagari ka cc 660, na Patrick Njiru akakafikisha mwisho wa rally yenye huvunja gari kubwa kila mwaka. Upande ile ingine tuko na nganya. Jiji yenye mat inapigwa grafiti, taa, skrini na ngoma ya kutingisha dirisha ya keja haiwezi zaa vijana wa kuendesha gari venye ilitoka kwa meli.

Sasa, maji. Hiyo ndio ngori ya kwanza Nairobi. Maji ya mfereji huja na ratiba yake, na keateka akikuona na hosipaipu kwa parking anatokea hata kama alikuwa amelala. Ya borehole nayo iko na chumvi. Ukiiacha ikauke juu ya boneti inaacha madoa nyeupe ya duara, na hizo hazitoki na kitambaa. So chanuka na shampuu ya kuosha bila kusuuza. Ndoo moja ya lita kumi, dawa kidogo kulingana na chupa inasema, na vitambaa vya maikrofaiba kama nane. Kitambaa inakunjwa mara mbili ndio upate nyuso kadhaa safi. Unapiga mstari mmoja, bila kukandamiza, unageuza uso safi, unapiga mwingine. Kitambaa ikishachafuka nyuso zote inaenda kando, hairudi kwa ndoo. Unaanza na paa, unashuka na vioo, boneti, milango juu, na zile sehemu za chini karibu na taya unaziwacha mwisho juu huko ndio mchanga wote hukaa. Ndoo moja, B4 nzima, na keateka hana la kusema.

Lakini kama umetoka ushago na matope nyekundu imepanda hadi kwa kioo, hiyo mbinu iache. Toa matope na presha kwanza. Kitambaa ikisukuma mchanga juu ya rangi unakuwa umejipigia msasa bila kujua, na hapo ndio zile duara huzaliwa.

Ndio maana mi na carwash za barabarani tulikosana kitambo. Soo mbili ama tatu ni bei tamu, sikatai, na wale vijana wanapambana na wira yao. Shida ni venye kazi hufanywa. Kitambaa ya kuosha taya ndio hiyo hiyo inapanda boneti. Sabuni ni ya nguo, yenye inatoa hata waksi uliyopaka jana. Halafu ukisema “niosheeni na injini,” kuna base zingine wanapiga dizeli ama mafuta taa ndio ing'are. Inang'ara kweli. Baada ya miezi kadhaa hosi na bushi za mpira zimevimba na kulegea, na unaulizana na fundi mbona coolant inapotea. Injini inaoshwa ikiwa baridi, na brashi laini, sabuni ya mafuta iliyochanganywa na maji, na betri na fyuzi zimefunikwa. Hakuna haraka hapo.

Kabla hujagusa polishi yoyote, kuna testi moja ya bure. Rangi ikiwa safi na kavu, vaa karatasi ya nailoni nyepesi kwa mkono, halafu pitisha vidole juu ya boneti mos mos. Juala za kubebea zilipigwa marufuku 2017, so tumia ile karatasi ya mkate, bado iko halali na iko kwa kila jikoni. Vidole peke yake zitakudanganya. Na karatasi utaskia chenga chenga kila mahali: vumbi ya breki, chuma ya barabara, utomvu wa miti, rangi ya mtu alikuwa anapiga sprei geti karibu na yako. Kuna dawa ya kutoa chuma. Ukiipiga inageuka zambarau na kutiririka chini ya milango, na hiyo ni show ya kupiga video kuliko mafla yoyote. Halafu unafuata na udongo wa kusafishia rangi, kipande kidogo umekilainisha kwa kiganja, na maji ya shampuu mob ndio kiteleze. Kikianguka chini, tupa. Si kusuuza, si kupangusa na suruali. Tupa. Mchanga ikishaingia ndani haitoki, na wewe ndio utaichora kwa rangi yako.

Ukimaliza, rudisha karatasi ya mkate. Boneti inakuwa laini hadi mkono unateleza bila kusikia kitu.

Hapo wasee wengi huingiwa na pepo ya kuchukua mashine. Tulia kwanza. Rangi ya gari ya siku hizi iko na leya ya klia juu yake, na hiyo klia mara nyingi ni maikroni 40 mpaka 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wa kichwa yako. Kila ukipiga bafing unapunguza. Mashine yenye fundi wengi wa mtaa wako nayo ni ile ya kuzunguka tu, kasi moja kwa moja, na kwa mkono ya mtu hajui inachoma klia pale kwa kona ya boneti kabla useme “wacha.” Ya kujifunzia nyumbani ni ile yenye inazunguka na kuyumba wakati moja. Inaenda pole, haina joto mob, na ukikosea inakusamehe. Ziba kona zote na mpira wa milango na maskin tepu. Fanya kipande cha nusu mita kwa nusu mita, kompaundi matone manne kwa pedi, unaenda kushoto kulia halafu juu chini, mwendo wa mtu anapiga pasi suruali ya harusi. Futa. Mulika na tochi ya simu kutoka kando. Kama zile duara zimetoka na pedi laini na polishi nyepesi, usipande kwa kompaundi kali. Hakuna medali ya kutumia dawa kali.

Na zingine ziache. Mkwaruzo yenye ukucha inashika ukipitisha imeshapita klia, bafing haiwezi kuitoa bila kuacha shimo. Weka rangi ya kugusia na kijiti cha meno, endelea na maisha.

Ukishapata kioo yako, linda. Waksi itakaa wiki kadhaa, silanti miezi, seramiki inaweza fika miaka kama umeipaka vizuri. Ile “9H” kwa boksi ni kipimo cha penseli, si cha mawe ya lori mbele yako Mombasa Road. Seramiki haizuii chipu na haizuii msee wa nduthi kukukwaruza na hendo. Inafanya uchafu isishike, na maji idondoke. Hiyo inatosha, lakini usiuziwe stori za jaba. Ipake ndani ya kivuli, pahali hakuna vumbi, na uifute kabla ikauke sana, ama utabaki na mabaka yenye lazima urudi na mashine.

Nairobi iko na adui yake pia. Ukipaki chini ya zile miti karibu na Nyayo Stadium, korongo wale wakubwa hukaa juu wakikucheki. Mavi yao iko na asidi, na jua ikipanda inakauka, inavuta klia, inaacha alama yenye haitoki na maji. Usiikwangue. Weka kitambaa yenye imelowa maji juu yake dakika kadhaa, iyeyuke, halafu inua. Mimi hubebanga chupa ya maji na kitambaa ndani ya buti juu ya hao ndege tu. Jakaranda nazo Oktoba zinaangusha maua kwa kila parking ya tao. Picha inatoka safi, lakini ukiacha maua zilale kwa boneti zikioza na mvua, zinaacha madoa.

Kitu yenye inabadilisha sura ya B4 kuliko zote ni taa za mbele, na hapa ndio nitakaa kiasi.

Hizo taa ni plastiki ya polikaboneti. Zikitoka kiwandani zinakuwa na leya ya kuzuia jua. Baada ya miaka za jua ya Japan na zetu, ile leya inapasuka na kugeuka manjano, na gari inaanza kukaa mgonjwa wa ini. Kwa mtaa watu hutumia dawa ya meno. Inafanya kazi siku mbili tatu juu ni kompaundi dhaifu tu. Wengine wanatumia dawa ya mbu. Hiyo ni mbaya, juu kemikali ya DEET ndani yake inayeyusha plastiki yenyewe. Inaonekana imeng'ara, halafu inarudi na ukungu yenye haitoki.

Fanya hivi. Osha taa, ziba rangi yote kuzunguka na maskin tepu, leya mbili, juu msasa haijui bampa ni ya nani. Anza na msasa wa maji namba 800 kama iko mbaya, 1000 kama iko afadhali. Msasa ulowe ndoo dakika kumi kabla, na maji iendelee kumwagika wakati wote. Cheki rangi ya yale maji. Mwanzo inatoka manjano, nzito, hiyo ni leya ya kitambo inatoka. Ikianza kutoka nyeupe kama maziwa ya unga umefika plastiki safi. Usipite hapo na namba kali. Panda 1500, halafu 2000, halafu 3000, kila mara unabadilisha upande wa kusugua ndio ujue mikwaruzo ya ile ya nyuma imeisha. Taa itakuwa nyeupe, haionekani ndani, na hapo msee mob hushtuka na kudhani ameharibu. Pumua. Kompaundi na pedi zitairudisha kioo.

Sasa kitu yenye watu huruka: ile leya ya jua umeitoa, so lazima urudishe ingine. Ukiacha plastiki uchi, baada ya miezi kadhaa inarudi manjano na mbio kuliko mwanzo. Futa na spiriti, halafu piga klia ya mkebe yenye iko na hadena yake na kinga ya jua, leya nyepesi mbili ama tatu, ukingoja katikati. Vaa maski ya rangi yenye chujio, si ile ya korona. Hiyo hadena iko na kemikali ya kuharibu mapafu, na fundi wengi wa Industrial Area wanaivuta kila siku bila kitu kwa uso. Ukimaliza, taa zinatoa mwangaza na sura ya gari inarudi miaka kumi. Kuna wasee hununua balbu za LED za kuingiza ndani ya taa za halojeni badala ya kufanya hii kazi. Balbu haziko pahali waya wa halojeni ulikuwa, so mwangaza unatawanyika. Hauoni mbali, na dere anakuja mbele yako haoni chochote.

Ndani. Gari ya Japan huja na harufu yake. Kama mwenyewe alikuwa anavuta fegi, utajua ukiwasha hita. Toa viti, boliti nne kila kimoja, lakini chomoa betri kwanza juu chini ya kiti kuna waya za erbagi. Chini yake utapata sarafu za yen na risiti za Kijapani. Vakyumu, brashi, sabuni ya povu, maikrofaiba, na filta ya AC ubadilishe, juu nusu ya harufu ilikuwa imejificha huko. Dashibodi usipake ile mafuta ya kung'arisha. Inamulika kwa kioo mchana, na mikono inateleza kwa usukani. Plastiki ya gari inafaa kukaa kavu, haina haja ya kuonekana imepakwa Arimis.

Redio ya Japan inashika kuanzia 76 mpaka 90 MHz, yetu iko 88 mpaka 108, so stesheni unashika ni mbili tatu. Kuna kale kakifaa ka kuongeza bendi, ni rahisi lakini kanaharibu sauti. Wengi wanaenda redio ya Android. Kwa BL5 shida ni ati paneli ya redio na ya AC ni kitu moja, so unahitaji fremu ya kuziachanisha, na usikubali fundi akate plastiki na kisu akisema “itaingia tu, mkubwa.” Ile fremu iko, tafuta. Halafu kuna yule mama. Wenye wameendesha gari ya Japan wanamjua: kila ukiwasha anakusalimia kwa Kijapani akikuambia kadi ya ushuru wa barabara haijaingizwa. Kifaa chake kimefichwa chini ya dashi na kukitoa ni dakika tano. Mi sijamtoa. Ndiye mtu wa kwanza kunibongesha ngware, na hajawai niomba doo.

Sasa hapa chini ndio pesa inafaa kuenda kabla ya kelele, na sitakaa sana juu haipigwi picha. Timing belt ya hizi injini za EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hauna karatasi ya kuonyesha ilibadilishwa, ibadilishe, na roli zake na pampu ya maji. Ikikatika, valvu zinapatana na pistoni. Kwa GT, ile B4 ya turbo, kuna boliti ya kupeleka oil kwa turbo yenye iko na kachujio kadogo ndani. Kakiziba, turbo inakauka na kufa, na turbo ya kuchukua nafasi yake ni maumivu. Bushi za mikono, linki za stabilaiza na bolijointi: mashimo yetu yanazimaliza, na msee anadhani anataka spring za kushusha ndio gari ishike kona, kumbe anataka bushi mpya. Breki fluidi. Taya. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, so kama B4 yako haina turbo jua umeacha karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake kwa hewa nyepesi, na hakuna stika itairudisha. GT inajipanga na turbo, lakini ile kompyuta yake ilipangwa na petroli ya Japan ya oktani karibu 100. Ukiongezea boost juu ya super ya kawaida, injini inagonga na pistoni ndio hulipa.

Kukata spring na grenda? Zii. Umefanya gari iwe ngumu, spring haikai kwa kikombe chake vizuri, na matuta ya mtaa yatakuonyesha bomba ya ekzosi ilikuwa wapi.

Rimu ndio upgredi yenye mi hukubali mapema, lakini na hesabu. B4 ya BL5 ni boliti tano kwa duara ya milimita 100. Rimu ya Mark X ni tano kwa 114.3, na haijalishi yule chali wa ex-Japan anaapa na jina ya nani. Tundu la katikati la Subaru ni 56.1. Ukinunua rimu yenye tundu kubwa, weka pete za kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka ukifika kilomita themanini na utabalansi hadi uchoke. Nati pia zicheki: Subaru ni 12 kwa 1.25, Toyota ni 12 kwa 1.5. Zinaanza kuingia vizuri, na hapo ndio mtego. Spana ya hewa inazilazimisha na unapoteza stadi. ET ya rimu, yaani offset, ikiwa ya juu, 48 mpaka 55, ndio inakaa ndani ya fenda bila kukwaruza. Kabla ulipe, geuza rimu ucheki ndani kama imechomelewa, na kwa taya soma zile namba nne za mwisho za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Seti ya rimu safi na taya mzee ni mazishi ya kupendeza tu.

Na ekzosi, tufike huko. Msee mob hawajui hii: BL5 ya Japan haina ule mngurumo wa Subaru za kitambo. Ile dugu-dugu ilitoka kwa mabomba ya pande mbili za injini kukosa urefu sawa, so moshi inafika kwa zamu ya kuyumba. Kwa BL5 Subaru waliyafanya sawa, na GT ikapewa turbo ya twin-scroll yenye inataka mapigo yafike kwa mpangilio. Turbo inaamka mapema, sauti inatulia. Sasa chali ananunua GT, anashangaa mbona hailii, anatafuta heda za urefu tofauti ndio ilie. Amelipa doo ndio gari irudi nyuma. Kama ni sauti ndio ulikuwa unataka, ungenunua Impreza ya kitambo ubaki na chenji.

Kuna risto ingine hapo hapo. Unaenda kwa fundi, anacheki chini, anatingisha kichwa: “Boss, cat imeziba, ndio inakula nguvu. Wacha nikutolee, hata sitakuchaji.” Roho safi hivyo? Ndani ya hiyo cat, yaani catalytic converter, kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna wasee wanazinunua kwa kilo. Yeye ndio analipwa, wewe unabaki na gari inanuka na taa ya injini inawaka kwa dashi. Kama imeziba kweli, iombe uende nayo home. Utaona venye anajibu. Na mafla ikikatwa kabisa, sheria ya trafiki inataka gari iwe na kifaa ya kuzima sauti, na NEMA wako na zao za kelele tangu 2009. Karao akitaka kitu ya kuongea na wewe Ijumaa usiku, umempa.

Spea nyingi mi hutoa Kirinyaga Road, ile watu wazima bado wanaita Grogan. Ukifika, kila mtu ni broka. “Sema kiongozi, unatafuta nini? B4? Iko, kaa hapa kwa kivuli.” Halafu anakimbia duka ya tatu kukuletea. Nenda mwenyewe hadi kwa duka, na ubebe ile ya zamani mkononi ndio mlinganishe namba. Kuna utani wa kitambo ati side mirror ikiibiwa usiku, asubuhi unaenda Grogan kuinunua tena. Ndio maana kila gari hapa imechorwa namba yake kwa vioo vya kando na kwa taa. Jichoree mwenyewe na kalamu ya kuchonga na stensili, usiku moja, na uchonge ndani kwenye plastiki pia, si kioo peke yake. Kama unapenda sura, fanya herufi ndogo na nyoofu. Zile kubwa za kupindapinda zinaharibu kazi yote ulifanya kwa taa.

Kuna wasee wanachukua hii kitu mbali. Kila mwaka pale Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, shindano ya gari safi yenye klabu ya wenye Alfa Romeo huandaa, na si magari ya wazito wa kitambo peke yake. Majaji wanapita na mikono nyuma, wanacheki injini, wanainama kuangalia chini, wanafungua buti. Enda ucheki hata kama hautaingia. Utaona msee na Peugeot ya babu yake imesafishwa hadi ndani ya mdomo wa ekzosi, na utarudi kwa B4 yako ukiangalia ile ndani ya fenda na macho ingine.

Vifaa usinunue vyote peke yako. Mbogi yetu ilichanga ikanunua mashine ya polishi moja, trei ya msasa, na torki renchi, juu hakuna mtu anapolishi kila wiki na hakuna haja ya kila mtu kusota. Sheria ni moja: ukiichukua, inarudi na pedi zimeoshwa na kukaushwa. Kompaundi ikikauka ndani ya pedi inakuwa msasa, na msee wa pili ndio analipa. Saa hii mashine iko Umoja kwa chali wa Axio nyeupe. Amesema inarudi Jumapili. Jumapili iliyopita alisema hivyo hivyo, na ile Axio, manze, inang'ara vibaya sana.